Kila Mlango na Saa Yake

Upana wa chumba katika nyumba kongwe ya Unguja uliamuliwa na mkoko. Dari ilijengwa kwa boriti za mkoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake mawe ya matumbawe, kisha chokaa iliyopondwa hadi ikashikana, na uzito wote huo haukuruhusu boriti ndefu. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba: mita mbili na nusu, mita tatu, mara chache kupita hapo. Tajiri aliyetaka chumba kikubwa aliongeza urefu. Upana ulikuwa na mwisho wake. Ingia leo katika chumba cha namna hiyo na lenzi pana ya milimita 14, jibanze pembeni, piga. Utatoka na picha ya ukumbi wa arusi. Kuta zitakuwa zimeachana, kitanda cha samadari kitakuwa kimerefuka kupita kiasi, na boriti za darini zitaonekana zina urefu ambao mkoko haujapata kuwa nao.

Mpiga picha wa majengo anayeijua kazi yake haipigi picha hiyo, hata mwenye hoteli akiitaka. Atafunga lenzi ya milimita 24 au 35, atarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta, na nafasi ikizidi kumbana atasimamisha kamera ushorobani apige kupitia mlangoni. Chumba kitaonekana chembamba kwa sababu ni chembamba, na hapo ndipo uzuri wake utakapojitokeza: dari iliyo juu sana, zidaka zilizopangwa ukutani, madirisha yanayotazamana ili upepo upite. Mgeni atakayekuja kulala humo atakikuta chumba alichoahidiwa. Mwanafunzi wa ujenzi atakayeitazama picha hiyo baada ya miaka hamsini ataweza kuzihesabu boriti na kukisia kipimo cha kweli.

Nawastahi sana watu wa kazi hii, na sababu yangu ya kwanza ndiyo hiyo. Kabla hawajajua kamera, wanajua nyumba. Wanajua kwamba ukuta wa nusu mita na zaidi haukujengwa mnene kwa fahari, bali kwa sababu jiwe la matumbawe ni jepesi na lina vinyweleo, na chokaa huchukua muda mrefu kukaza. Wanajua kwamba roshani za mbao zilizotoboliwa nakshi ziliwekwa ili mtu aone njia bila kuonekana, na kwa hiyo picha ya roshani iliyopigwa kutoka nje tu imeeleza nusu ya habari. Anayejua hayo huamua mahali pa kusimama kwa sababu zinazotoka kwa mjenzi mwenyewe, na jicho lake hufuata nia ya yule aliyeweka jiwe la kwanza.

Halafu kuna suala la wima. Mwashi hushusha timazi ukutani ajue kama ukuta umesimama sawa. Mpiga picha hufanya hivyohivyo kwa kamera. Ukiinua kamera kidogo tu ili upate kilele cha jumba, mistari yote iliyosimama huanza kuelekeana juu, na jumba likaonekana linaanguka kinyumenyume. Jicho letu huvumilia hali hiyo mtu anapotembea njiani, lakini kwenye karatasi haivumiliki. Dawa yake ni ya zamani. Zile kamera kubwa za mvukuto, zilizobebwa na wapagazi na kusimamishwa juu ya miguu mitatu ya mbao, ziliwezesha lenzi kupandishwa juu huku bamba la kioo likibaki wima. Leo ziko lenzi maalumu zinazofanya kazi ileile kwa skrubu ndogo: kamera inalazwa sawa kwa pimamaji, haiinuliwi hata kidogo, kisha lenzi peke yake inasogezwa juu mpaka kilele kiingie. Ni lenzi ghali, nzito, zisizojilenga zenyewe. Kila kitu hufanywa kwa mkono, polepole, na mwendo huo unaifaa kazi yenyewe.

Hapa Unguja wima una ugumu mwingine. Nyumba zenyewe hazikusimama sawa. Kuta zimevimba kwa mvua za zaidi ya karne moja, pembe zimetitia, ghorofa ya juu imesogea na ya chini ikabaki. Programu za kuhariri picha zina kitufe cha kunyoosha mistari yote kwa pigo moja, na kitufe hicho ni hatari kubwa kwa mji kongwe, kwa maana hakitofautishi kosa la kamera na historia ya ukuta. Fundi mwangalifu hutafuta kwanza kitu anachokiamini, kwa mfano kamba iliyoning'inia au mlango uliowekwa upya juzi, na hicho ndicho anachokifanya timazi yake. Kikishasimama wima, mengine yote huachwa yalivyo. Ukuta ulioinama kwa miaka mia una haki ya kuonekana umeinama, na mhandisi atakayekuja kuukagua atashukuru.

Kazi hii si ngeni kwetu. Mwaka 1860 James Augustus Grant, aliyefika hapa pamoja na John Hanning Speke wakijiandaa kwenda bara kukitafuta chanzo cha Nile, alipiga picha za mji. Baadaye katika karne hiyo akaja A. C. Gomes, Mgoa, akafungua studio, na wenzake Wagoa wakafuata. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio, na mwanawe akaiendeleza. Ukutani mwake zimetundikwa picha za masultani, za mitaa, za bandari, za mji ambao sehemu yake haipo tena. Katika siku zetu, Javed Jafferji ameipiga picha Zanzibar kwa miongo kadhaa, na kitabu alichokitoa pamoja na Profesa Abdul Sheriff mwaka 1998 kuhusu usanifu wa Mji Mkongwe bado hufunguliwa na wasanifu wanapotaka kujua nyumba fulani ilikuwaje kabla ya kukarabatiwa. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Northwestern kinatunza mkusanyo wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki kuanzia 1860 hadi 1960, na Zanzibar imo humo kwa wingi.

Jambo moja hunijia kila ninapozitazama picha hizo za kale. Zile ambazo leo tunaziita picha za kumbukumbu zilipopigwa zilikuwa picha za majumba ya kifahari. Beit el-Ajaib ilikuwa mpya kabisa: Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883, ikawa na nguzo za chuma na roshani zinazoizunguka pande zote, na ikawa ya kwanza mjini kuwashwa taa za umeme. Kasri la Maruhubi lilikuwa limejengwa mwaka mmoja kabla, na mwaka 1899 likateketea. Leo zimebaki nguzo zake katikati ya miembe. Mambo Msiige, jumba la katikati ya karne ya 19 lililo ukingoni mwa bahari, leo ni sehemu ya hoteli na wapiga picha wa matangazo huingia na kutoka. Baina ya nyumba ya anasa na mnara wa historia kuna muda tu. Kwa hiyo sioni sababu ya kumdharau kijana anayekodiwa kupiga picha bwawa la kuogelea la Michamvi. Akiifanya kazi hiyo kwa uaminifu, anaandika ushahidi, hata kama aliyemlipa anataka tangazo.

Hakuna mahali ambapo subira ya watu hawa huonekana waziwazi zaidi kuliko mbele ya mlango wenye nakshi. Mlango wa Unguja ni kazi ya kina. Mnyororo umechongwa kwenye kingo, yungiyungi na mitende kwenye kizingiti cha juu, mfaa umesimama katikati baina ya bawa na bawa, na misumari ya shaba imejipanga safu kwa safu. Mwanga ukija kutoka mbele, michongo yote hulala. Utaona ubao wenye madoa. Mwanga unaohitajika ni ule unaopita ubavuni, unaoukwaruza mti, ili kila ukingo wa patasi utupe kivuli chake. Sasa mlango wenyewe uko katika kichochoro cha mita mbili au tatu, na nyumba ya mbele ina ghorofa tatu. Jua la asubuhi halifiki chini. La alasiri halifiki. Kuna saa moja tu ya kufaa, na ni ile ambayo vitabu vyote vya upigaji picha vilivyoandikwa Ulaya humwambia mtu afunge mkoba aende akapumzike: adhuhuri.

Unguja iko kwenye nyuzi sita na kitu kusini mwa ikweta. Maana yake, mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, jua hupita utosini kabisa. Katika wiki zinazozunguka siku hizo, adhuhuri, mwanga hushuka kichochoroni karibu wima, unauteremkia mlango kutoka juu, unaukwaruza. Na hapo ndipo hesabu inapokuwa tamu. Kabla ya hiyo siku ya Machi jua la adhuhuri liko kusini yetu kidogo. Baada yake linakuwa kaskazini, na hubaki kaskazini mpaka Oktoba linaporudi. Kwa hiyo milango miwili inayotazamana, mmoja ukitazama kusini na mwingine kaskazini, haiwezi kupigwa siku moja. Unaotazama kusini hupata mwanga wake Februari, au katika wiki za mwisho za Oktoba. Unaotazama kaskazini hungoja mwishoni mwa Machi, au Septemba. Mmoja hupigwa wakati wa kaskazi, mwenziwe hungoja kusi. Tena upepo ukitoka kaskazini jua liko kusini, na ukitoka kusini jua liko kaskazini.

Si hivyo tu. Adhuhuri ya jua haiangukii saa sita kamili ya saa ya mkononi. Kwa kuwa saa zetu zimewekwa kwa meridiani ya mashariki zaidi, na kwa kuwa jua lenyewe lina mwendo wa kutangulia na kuchelewa kwa majira, mwezi Oktoba jua hufika kileleni kama saa sita na dakika kumi, ilhali Machi hukaribia saa sita na dakika thelathini na tano. Mpiga picha anayeujua mji huu ana daftari, au orodha katika simu yake, yenye jina la mtaa, upande unaotazamwa na mlango, mwezi, na saa. Machi ina masika yake vilevile. Wingu moja likikaa mahali pake kwa dakika kumi na tano, mlango umemponyoka mpaka kusi iishe. Nimemwona mtu akikunja stendi yake bila kunung'unika, akaandika mwezi wa kurudi, akaenda zake. Hiyo ndiyo subira ninayoisema. Haina maonyesho, na matunda yake huja kwa mzunguko wa jua.

Majengo ya ukingo wa bahari yana tabia nyingine kabisa. Bustani ya Forodhani inatazama machweo. Asubuhi Beit el-Ajaib, Beit el-Sahel na Zahanati ya Kale, ile iliyojengwa na Tharia Topan na kukamilika mwaka 1894, huwa na uso wa kivuli huku mbingu nyuma yake ikiwaka. Picha ya saa mbili asubuhi kutoka bustanini humpa mtu jumba jeusi na anga nyeupe. Alasiri mambo hugeuka. Kuanzia saa kumi mwanga unaingia moja kwa moja kwenye roshani za Zahanati, zile zenye mbao zilizotobolewa kwa mkono wa mafundi wa Kihindi, na kila tundu hutupa umbo lake ukutani. Kufikia saa kumi na mbili chokaa imekuwa rangi ya asali. Wengi hupiga wakati huo na kuondoka. Walio bora hubaki, kwa kuwa jua likishazama kuna kipande cha muda ambacho anga bado ina buluu nzito na taa za ndani zimeshawashwa, na mwanga wa ndani na wa nje hulingana. Huku kwetu karibu na ikweta kipande hicho ni kifupi sana. Ulaya Kaskazini wakati wa kiangazi machweo hujivuta. Kwetu usiku huanguka. Utusitusi wote ni dakika ishirini na kitu, na ndani yake ulinganifu hasa hauzidi dakika nne au tano.

Kwa ajili ya dakika hizo, kamera huwa imesimamishwa tangu alasiri. Haiguswi tena. Mtu ameshazunguka jengo zima na kuzima taa moja moja, amewasha zile anazozitaka, amebadilisha balbu nyeupe iliyowekwa katikati ya balbu za manjano, maana jicho la mtu husamehe mchanganyiko huo na kamera haisamehe. Kisha anapiga picha ileile kila dakika, bila kusogeza kitu, giza likiingia. Baadaye atachagua moja. Mwenye nyumba ataona picha moja ya kupendeza. Hatajua kwamba kabla yake kulikuwa na saa nne za kusimama.

Katika majumba ya kifahari ya pwani ya mashariki, Matemwe, Paje, Jambiani, mwalimu mkuu ni bahari. Wenye nyumba wanataka picha yenye bahari ya buluu mbele ya baraza, na bahari ina ratiba yake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hutoka kabisa kwenye saa nne. Tofauti ya kujaa na kutoka inaweza kukaribia mita nne. Kwa pwani hizo zenye mwamba mbali na ufuko, maji yakitoka hubaki uwanda wa mchanga, majani na vidimbwi, na bahari yenyewe iko mbali kabisa. Sasa pwani ya mashariki hupata mwanga mzuri usoni mwake asubuhi. Mpiga picha aliyetoka mjini bila kuuliza, akafika Jambiani siku ya bamvua saa nne, ana mwanga kamili na hana bahari. Anayejua atachagua siku za maji mafu, kama wiki moja baadaye, maji yanapojaa asubuhi hiyohiyo. Mvuvi yeyote wa kijijini angemweleza hayo bure, na wapiga picha bora niliowaona huanza kazi kwa kuzungumza na wavuvi.

Lakini niseme pia ninachokipenda zaidi. Baadhi yao, wakishamaliza picha ya maji ya buluu aliyoilipia mwenye nyumba, hurudi siku ya bamvua saa nne kwa makusudi. Hupiga nyumba ileile na uwanda mtupu mbele yake, wanawake wakiwa kwenye mashamba ya mwani, vigingi vimesimama mistari mistari, na ngalawa zimelala ubavu. Nusu ya maisha ya pwani hiyo hufanyika maji yakiwa yametoka. Nyumba iliyopigwa katika hali zote mbili imepigwa kweli.

Ndani ya majumba hayo taabu ni baina ya giza na mwanga. Paa la makuti ni zito na jeusi kwa ndani, ukuta ni mweupe wa niru, na nje jua linawaka juu ya mchanga. Jicho huzunguka na kuona vyote. Kamera huchagua kimoja. Ukiweka sawa mwanga wa ndani, dirisha linakuwa shimo jeupe. Ukiweka sawa bahari, chumba kinazama gizani. Kuna njia ya mkato: piga picha kadhaa zenye mwanga tofauti, acha programu izichanganye. Matokeo yake tunayajua sote, zile picha ambazo kila kitu kinang'aa sawasawa, kivuli hakuna, na chumba kinaonekana kimepakwa plastiki. Mafundi wa kweli nao hupiga picha kadhaa, ila huzichanganya kwa mkono, sehemu kwa sehemu, wakihakikisha kwamba dirishani bado kunang'aa kuliko ndani, kwa sababu ndivyo ilivyo. Kivuli chini ya makuti ndiyo starehe yenyewe ya nyumba ya pwani. Mtu aliyetoka juani akaingia humo anaijua raha ile ya macho kutulia. Picha inayokifuta kivuli hicho imefuta sababu ya makuti kuwapo.

Mengine ni madogo na hayana mwisho. Pangaboi huzimwa, maana likizunguka litaandika ukungu darini. Chandarua hufungwa kwa fundo moja na mikunjo yake ikapangwa. Ukuta mweupe hunywa rangi: bustani ikiwa karibu ukuta unakuwa wa kijani, bwawa likiwa karibu unakuwa wa buluu, na mpiga picha huliona hilo kabla hajaambiwa. Kamera ikitoka chumba chenye kiyoyozi na kuingia joto la nje, kioo hufunikwa na unyevu papo hapo. Hakuna kukifuta, ni kungoja kipate joto. Chumvi hula skrubu. Kuvu humea ndani ya lenzi zilizofungiwa sandukuni wakati wa masika. Watu wa kazi hii kisiwani hukausha vifaa vyao kwa bidii, na mwenye lenzi iliyodumu miaka kumi bila doa amefanya kazi usiku mwingi ambao hakuna aliyemwona.

Nyumba za Mji Mkongwe, tusisahau, zina wenyewe. Nyingi zimegawanywa, familia moja chini, nyingine juu, na ua ni wa wote. Mpiga picha aliyelelewa vizuri haingii na kamera shingoni. Anakaa barazani kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutazama mlango?"

"Mlango na ngazi, bibi, ukiniruhusu. Ndani sitapiga mpaka mniambie."

"Basi ngoja wasichana wajistiri. Kahawa hiyo, kunywa."

Kahawa inanywewa, wasichana wanajistiri, nguo zilizoanikwa zinaondolewa na wenyewe kama wanataka, na kama hawataki zinabaki. Ua wa nyumba hizi ni mahali pa faragha, na ujenzi mzima, kuanzia mlango ulioelekezwa ukutani hadi ngazi iliyopinda, umekusudiwa kumzuia mgeni asione ndani. Kuupiga picha bila idhini ni kwenda kinyume na jengo lenyewe. Nimeona picha nzuri sana za ua wa namna hiyo ambazo aliyezipiga hakuzitoa kamwe, kwa kuwa bibi alisema ni zako wewe uzitazame, si za watu. Alitii. Kwangu mimi huo ni ustadi wa kiwango kilekile na kujua saa ya mlango.

Kuna mjadala baina yao kuhusu nini kifutwe picha inapohaririwa. Nyaya za umeme zilizoning'inia mbele ya nakshi, tangi la maji juu ya paa, kiyoyozi kilichopachikwa katikati ya dirisha la karne ya 19. Kwa picha ya tangazo la nyumba ya kukodisha, naelewa doa la ukutani kufutwa. Litapakwa chokaa wiki ijayo. Kwa picha ya jengo la historia nasimama upande wa wasiofuta chochote. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 ukiwa mji unaokaliwa, na nyaya zile zinaeleza jinsi watu walivyokaa ndani yake. Aidha, ufa uliofutwa kwa ajili ya uzuri unaweza kuwa ndio ufa ambao mhandisi angeutafuta.

Hilo si wazo la kinadharia. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit el-Ajaib iliporomoka, jengo likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Kwa uso wa mji huo haikuwa mara ya kwanza kubadilika ghafla. Katika picha za zamani kabla ya 1896 utauona mnara wa taa umesimama peke yake mbele ya jumba, na pembeni kasri la Beit el-Hukm; mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti mwaka huo iliviharibu vyote viwili, na mnara wa saa tunaoufahamu ukaja kuunganishwa na jumba lenyewe baadaye. Tunayajua maumbo hayo kwa sababu mtu alisimamisha kamera yake wima, akangoja mwanga, akapiga. Fundi anayejenga upya roshani iliyoanguka anahitaji kujua nguzo ilikaa wapi, ukingo ulikuwa na nakshi gani, kimo cha ghorofa kililingana vipi na kimo cha mlango. Picha iliyopindapinda haimsaidii. Iliyopigwa kwa pimamaji, kwa lenzi isiyonyoosha vitu, yenye tarehe na mahali, inaweza kupimwa karibu kama mchoro.

Kwa hiyo nawaomba wapiga picha wetu waandike. Chini ya kila picha jina la mtaa, upande unaotazamwa na jengo, mwezi, saa, urefu wa lenzi, na jina la mtunza nyumba aliyefungua mlango akikubali kutajwa. Nawaomba pia wenye majumba ya kifahari, wale wanaolipa fedha nzuri kwa picha za mabaraza na mabwawa yao, waongeze kifungu kimoja katika mkataba: baada ya miaka kumi, nyumba ikiwa imeshatangazwa vya kutosha, nakala moja ya kila picha ambayo haikuhaririwa ipelekwe Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Gharama yake ni diski moja na safari fupi ya gari, na mpiga picha mwenyewe anaweza kuifikisha.